Pumzi ya Jumatatu

Kila Jumatatu, kabla wanamichezo hawajaanza kufika, Fundi Pumzi alikuwa akifunga mlango wa maabara kwa ndani, anavua viatu vyake vya kutokea, anavaa raba, na kupanda ile baiskeli ya chuma isiyokwenda popote. Tumboni hana kitu tangu chakula cha jioni, ila glasi moja ya maji. Anajifunga barakoa ya mpira usoni, anapitisha kidole pembeni mwa pua kuhakikisha hewa haivuji, kisha anaanza kupiga pedali taratibu, mzigo uleule, kasi ileile, dakika ishirini. Kwa miaka tisa hakuwahi kuongeza dakika wala kupunguza.

Jina hilo alipewa na wanamichezo wa chuo, maana kazi yake ilikuwa kupima pumzi zao. Mtu anapojituma, mwili wake huchoma vitu viwili, mafuta na sukari, na kila kimoja kina moshi wake. Ukijua amevuta oksijeni kiasi gani na ametoa hewa ukaa kiasi gani, umejua kinachoungua ndani. Mtambo ulilieleza jambo hilo kwa namba moja tu. Mia ilimaanisha sukari tupu, sabini ilimaanisha mafuta matupu, na binadamu wengi walielea katikati.

Mitambo ya namna hiyo husawazishwa kwa mtungi wa gesi iliyochanganywa kiwandani kwa vipimo vinavyojulikana. Lakini mwaka wake wa kwanza pale, mtungi ulikwama njiani miezi miwili, naye kwa kuogopa kufanya kazi na mtambo asiouamini, akaanza kujipima mwenyewe. Mwili mmoja, njaa ileile, mzigo uleule. Namba ikiruka, ujue kuna kitu kimeharibika. Mtungi ulipofika hakuacha. Mara mbili pumzi yake iligundua kosa ambalo mtungi haukuliona, mara ya kwanza bomba lililopasuka karibu na barakoa, mara ya pili kichujio kilicholowa. Tangu hapo hata Daktari, mkuu wa maabara, alikuwa akiuliza kila Jumatatu akipita na kikombe chake cha chai, "Enhe, mtambo umeamkaje?"

"Mzima kama mimi," Fundi Pumzi hujibu.

Daktari hakuwa daktari wa sindano. Udaktari wake ulikuwa wa vitabu, na utafiti wake ulihusu wanawake: jinsi homoni zao zinavyobadilisha kile ambacho mwili unachoma wakati wa mazoezi. Siku moja, miaka mingi iliyopita, alilifungua daftari la Jumatatu, akachora namba zake kwenye karatasi ya miraba, akamwita.

"Njoo ujione," alisema. "Unaona hili wimbi? Wiki mbili namba iko themanini na saba, wiki mbili inashuka mpaka themanini na nne. Inapanda, inashuka, mwezi baada ya mwezi. Unajua ni nini?"

"Mtambo unayumba?"

"Mtambo hauyumbi. Ni wewe. Yai likishatoka, estrojeni na projesteroni zinapanda, na mwili wako unaanza kuchoma mafuta zaidi na kubana sukari. Kama mwenye nyumba anayeficha sukari kabatini kwa sababu huenda akaja mgeni. Mgeni asipokuja, kabati linafunguliwa, maisha yanaendelea."

Walicheka. Lakini Fundi Pumzi aliibeba karatasi ile nyumbani, akaibandika ndani ya mlango wa kabati lake la nguo, kwa sababu yeye alikuwa akimsubiri huyo mgeni.

Alikuwa ameolewa na fundi cherehani, mtu mpole mwenye maneno mengi, aliyefanyia kazi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao. Nyumba nzima walikuwa wawili, na kwa kuwa wote ni mafundi, waliitana hivyohivyo. "Fundi, chai ipo?" "Ipo, fundi." Mimba moja waliipata, miaka minne iliyopita, ikafika miezi mitatu, ikatoka. Daktari wa hospitali alisema hutokea, wajaribu tena. Basi wakawa wanajaribu. Fundi Pumzi hakuwa mtu wa kulialia. Alikuwa mtu wa kuandika tarehe.

Wifi yake, dada mkubwa wa fundi cherehani, hakuwa na subira hiyo. Alipiga simu kila Jumapili.

"Wifi, mimi nitaitwa shangazi lini? Au mnasubiri nikishang'oka meno?"

"Meno yako bado imara, wifi. Juzi tu umemaliza muhindi mzima peke yako."

"Nacheka, lakini sichezi. Una miaka thelathini na minane. Nendeni hospitali mkapimwe, nyote wawili. Si aibu."

Wifi alipokata simu, fundi cherehani aliinua uso kutoka kwenye suruali aliyokuwa akiipinda. "Dada anapiga kelele, ila hili analosema si baya. Twende, fundi. Hata wiki hii."

"Twende tukaambiwe nini?" alisema mkewe. "Mwili wangu naujua. Nani mwingine mjini humu anajipima kila Jumatatu? Ningekuwa na tatizo ningeliona kabla yao."

Mumewe alikubali. Alikuwa akijivunia kazi ya mkewe, na mbele ya wateja wake aliisimulia kama vile mkewe anarusha ndege.

Huo ulikuwa mwaka jana, mwezi wa tatu.

Ilikuwa ni mwaka huohuo ambapo wimbi lilianza kulala. Halikukatika ghafla. Kwanza shimo la themanini na nne likawa themanini na tano, kisha themanini na sita, halafu wiki zote nne zikasimama kwenye themanini na saba kama askari kwenye mstari. Hedhi ilikuwa bado inakuja, ingawa kwa kuchelewa, na safari nyingine kwa fujo, siku kumi mfululizo. Mara mbili ilipochelewa sana alinunua kipimo cha mimba dukani, akakaa chooni ameshika kijiti kile, akaona mstari mmoja. Alisema moyoni ni uchovu. Wanamichezo walikuwa na mashindano, naye alikuwa akiingia kazini mapema na kutoka amechoka.

Kuhusu namba, alifurahi. Hapo ndipo mtu asiyejua kazi yake angeweza kumcheka, lakini anayeijua hawezi. Fundi yeyote wa vipimo hupenda mstari ulionyooka. Alikuwa amebadilisha mabomba yote mwezi wa nne na kuweka vichujio vipya, naye akaamini kwamba mkono wake hatimaye umeutuliza mtambo. Aliandika pembeni mwa daftari, kwa kalamu nyekundu: *Mtambo umetulia sana.* Daktari wakati huo alikuwa masomoni mbali, akarudi baada ya miezi saba, na alipouliza mtambo umeamkaje, aliambiwa haujawahi kuwa mzima kama sasa.

Mwaka huu, namba ilianza kupanda. Themanini na nane. Themanini na tisa. Mwezi wa tano ikawa tisini, na haikushuka tena.

Aliushughulikia mtambo kama mama anavyomshughulikia mtoto mwenye homa. Alifungua bomba moja moja, akalikagua kwenye mwanga. Alibadilisha barakoa. Alijilaza sakafuni akachungulia chini ya baiskeli, labda mkanda umekaza na mzigo umeongezeka bila yeye kujua. Akaupima, mzigo ulikuwa uleule. Kilichobaki ni mtungi. Mtungi ulisema mtambo uko sawa kabisa, lakini mtungi wenyewe ulikuwa mpya, na ulitoka kwa msambazaji mpya. Akampigia.

"Gesi yenu imechanganywa vibaya," alisema.

"Dada yangu, mtungi una cheti."

"Cheti ni karatasi. Mimi nina miaka tisa ya namba."

"Namba za nini, dada?"

"Zangu mimi. Za mwili wangu."

Msambazaji akasema, kwa adabu ya mtu anayetaka kuendelea kuuza, "Sasa, dada, kati ya mtungi na mtu, kinachobadilika haraka ni kipi?"

Aliudhika. Alimwambia asiwafundishe watu kazi zao, akakata simu. Jumatatu iliyofuata alijipima, akapata tisini tena. Akauzungukia mtambo kwa nyuma, akashika kitasa kidogo cha kusawazishia, akakizungusha kwa uangalifu mpaka namba yake ikarudi themanini na saba. Akaandika tarehe na kiasi alichozungusha, maana hakuwahi kuficha kitu alichofanya. *Nimerekebisha kwa pointi tatu. Mtungi hauaminiki.*

Wiki sita zikapita. Kisha siku moja mkimbiaji mmoja wa mbio ndefu, kijana mrefu waliyemwita Twiga, alishuka kwenye baiskeli anatweta, akaisoma namba yake, akapasua kicheko.

"Fundi Pumzi, mtambo wako umeanza kunipendelea! Unasema nachoma mafuta kama taa ya kibatari. Jana nimekula mikate nusu ya duka, hayo mafuta yametoka wapi?"

"Acha masihara, kaa utulie upumzike."

"Haki ya nani! Kocha akiona hii ataninyima chakula cha kambini, atasema nina akiba."

Alicheka naye, kisha akailinganisha namba hiyo na zake za zamani. Namba ya Twiga ilikuwa pungufu kwa pointi tatu. Alasiri Daktari alimwita ofisini. Mezani palikuwa na karatasi zimetandazwa.

"Kaa. Nisaidie kufikiri," Daktari alisema. "Wanawake wetu wa kundi la kwanza wameshuka pointi tatu. Nikafurahi, nikasema homoni hizo. Halafu nikaangalia wanaume. Nao wameshuka tatu. Twiga, kocha wake, hata yule mzee mlinzi tuliyempima kwa utani. Wote tatu, wote kuanzia wiki ileile moja. Wanaume wote hawawezi kuota homoni za kike siku moja, sivyo?"

"Hawawezi."

"Kuna kitu ulifanya wiki ile?"

Fundi Pumzi alikwenda kuleta daftari. Hakujitetea, alieleza kila hatua, mabomba, barakoa, mkanda, mtungi, kitasa. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema waazime mtungi wa pili kutoka maabara nyingine, wa kiwanda kingine kabisa. Ulifika baada ya siku mbili. Fundi Pumzi aliuunganisha mwenyewe, mikono yake ikifanya kazi iliyoizoea, na kusubiri namba itulie.

Mitungi yote miwili ilisema neno moja. Gesi ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Mtambo ulikuwa sahihi tangu mwanzo, mpaka siku alipouzungusha.

Alisimama pale muda mrefu ameshika spana. Katika kazi yake aliwafundisha vijana wengi kanuni moja: ukiwa na vitu vitatu na viwili vinakubaliana, kichunguze cha tatu. Mtungi, mtungi, na yeye.

Akarudisha kitasa mahali pake. Akakaa kwenye kiti cha wanamichezo na kulifungua daftari, safari hii bila haraka, kuanzia mwaka wa kwanza. Wimbi lilikuwapo, zuri, la kawaida. Lilikuwapo mwaka wa pili, wa tatu, wa nne. Palikuwa na wiki kumi na mbili ambapo lilikaa chini bila kupanda, na alizijua wiki hizo bila kusoma tarehe. Kisha likaendelea. Kisha mwaka jana likaanza kulala, na pembeni palikuwa na mwandiko wake mwenyewe, kwa wino mwekundu, ukifurahi.

Daktari aliingia bila kubisha, akamkuta hivyo. Akavuta kiti.

"Hedhi yako inakuja?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Inakuja."

"Kwa tarehe zake?"

Fundi Pumzi alimsogezea daftari. Daktari akaliangalia lile daftari, ukurasa baada ya ukurasa, na alipofika kwenye wino mwekundu akaondoa macho haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

"Ningekuwepo ningeliona," alisema. "Nisamehe."

"Huna kosa, Daktari. Nilikuwepo mimi, na sikuliona."

Alikwenda hospitali peke yake. Alitolewa damu, akaambiwa arudi baada ya mwezi itolewe tena, akarudi. Daktari wa wanawake alikuwa binti mdogo mwenye miwani, aliyezungumza polepole na kuangalia uso wa mtu. Alisema ovari zimechoka mapema kuliko umri wake. Hutokea kwa wanawake wachache, na mara nyingi sababu haijulikani. Damu iliyokuwa ikimtoka haikumaanisha kwamba mayai yanatoka.

"Je, kama ningekuja mwaka jana?" Fundi Pumzi aliuliza. "Mwezi wa tatu, tuseme."

Binti yule aliyagusa makaratasi bila sababu. "Mama, nikikuambia lingekuwa jambo la hakika nitakudanganya. Lakini kulikuwa na vitu vya kujaribu. Pengine mayai machache yangepatikana. Sasa nafasi ni ndogo mno, na sitaki kukujaza matumaini."

Alimwandikia dawa ya kubandika kwenye ngozi, yenye estrojeni, pamoja na vidonge vya kutumia pamoja nayo. Alimweleza kwamba ni kwa ajili ya mifupa na moyo, maana bado ni kijana.

Njiani kurudi nyumbani, Fundi Pumzi aliyapanga maneno. Sehemu ya kwanza haikuwa ngumu; ugonjwa ni ugonjwa, haumwonei mtu mmoja. Ile ya mwezi wa tatu ndiyo iliyomkwamisha. Kwamba wimbi lilianza kulala mwaka huohuo hakuna aliyejua ila yeye, Daktari na daftari. Mumewe asingeuliza kamwe. Angeweza kuishi naye mpaka uzeeni bila kujua kwamba alikuwa amesema kweli, na kwamba mkewe alikuwa na jibu mkononi, kwa mwandiko wake, akalisoma kama sifa. Alipita duka la vitabu, akapita kituo cha mafuta, akavuka barabara. Alikuwa mtu wa kuandika hata kosa alilofanya. Hakujua namna nyingine ya kuishi.

Alimkuta mumewe cherehanini, suruali ya kitambaa cha kijivu imetandazwa mapajani, sindano mbili mdomoni.

"Fundi, mbona mapema? Mwenye suruali hii anakuja saa kumi, na ana harusi kesho, na tumbo limeongezeka tangu nimpime. Nimemwambia, mheshimiwa, mimi nashona nguo, sishoni miujiza."

"Zitoe sindano mdomoni."

Alizitoa. Alimwangalia, akazichomeka kwenye kitambaa moja moja.

Alimweleza yote, kwa mpangilio, kama alivyomweleza Daktari. Alipofika kwenye mwezi wa tatu sauti yake ilipungua, lakini hakuruka. Alimweleza wimbi ni nini na kulala kwake kulikuwa na maana gani. Alimweleza wino mwekundu.

Mumewe aliendelea kuinyoosha suruali mapajani mpaka mtu aliyekuwa akifagia nje akamaliza kufagia.

"Nilikuambia twende," alisema.

"Uliniambia."

"Ukasema unajua."

"Nilisema hivyo."

"Nami nikaamini." Aliikunja na kuikunjua ncha ya kitambaa. "Siyo kwamba nakulaumu. Nakulaumu, lakini siyo... Nilikuwa nawaambia watu. Nilikuwa nawaambia wateja, mke wangu hakuna kinachompita."

Fundi Pumzi alitamani mumewe apige kelele, apige meza, kitu ambacho angeweza kukijibu.

"Hiyo dawa," mumewe aliuliza baadaye, "ya kubandika. Haiwezi kurudisha?"

"Hapana. Ni ya mifupa."

"Ya mifupa," alirudia. Akatikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, kama anayepokea vipimo vya mteja. "Basi uibandike. Usije ukaisahau hiyo nayo."

Neno hilo lilimchoma mkewe, naye aliona limemchoma, na hakulirudisha. Aliivuta suruali, akaiweka chini ya sindano, akakanyaga pedali. Mshono ulikwenda upande. Akaukata, akachomoa uzi, akaanza upya; ukaenda upande tena, mbaya kuliko wa kwanza. Fundi Pumzi akavuta kigoda, akakaa upande wa pili wa meza, akashika kitambaa kwa mikono miwili ili kinyooke, kama alivyokuwa akifanya zamani walipokuwa wapya na kazi zimewazidi. Mumewe hakumwangalia, lakini hakumwondoa mikono.

Walishona inchi chache hivyo. Kisha mguu wa mumewe ukasimama kwenye pedali, akainamisha paji la uso mpaka likagusa chuma cha cherehani, na mabega yake yakaanza kutikisika bila sauti. Fundi Pumzi akaiachia suruali, akamwekea kiganja mgongoni. Chini ya kiganja alizisikia pumzi zake, fupi, zisizo na mpangilio, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile hakutaka kuzihesabu.

Saa kumi mwenye suruali alibisha hodi. Akasubiri, akabisha tena, akachungulia dirishani, akaondoka polepole bila kuita.